Kutoka Kuba ya Zege Hadi Kuba ya Taa: Siku Saba Barabarani na Sikio Moja

Siku ya kwanza, Jumatatu: Champaign

Tiketi alinunua binti yangu. Mbili, za Jumamosi, tukawaone Dead & Company, bendi ya waliobaki wa Grateful Dead, bendi ya roki ya zamani, ndani ya Sphere, ukumbi wa kuba kule Las Vegas, Juni 2024, zawadi ya baba kustaafu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: tupande ndege Chicago asubuhi, mchana tuko hotelini. Nikamwambia, "Hapana mama, tuende na gari, tena tuanzie Champaign." Akafungua ramani kwenye simu, akanionyesha kwamba Champaign iko kusini na Las Vegas iko magharibi. Nikamwambia dira naijua, lakini nataka aone mahali nilipoliacha sikio langu la kushoto.

Nilifika Champaign Agosti 1985 nikitokea Morogoro, mji kasoro bahari, na sanduku moja na barua ya kukubaliwa shahada ya pili ya udongo. Nyumbani sukari ilikuwa ya foleni na sabuni ya kujuana. Katikati ya Chuo Kikuu cha Illinois nikakuta shamba la mahindi limezungukwa na majengo, Morrow Plots, linafanyiwa majaribio tangu 1876, na maktaba ya jirani yake wameichimbia chini ya ardhi ili isilitie kivuli. Nikasema basi, hapa nimefika kwa watu wenye akili. Leo tumelipita polepole. Binti alipiga picha moja akarudi garini. Mimi nilisimama pale hadi akapiga honi.

Halafu tukateremka hadi Assembly Hall. Siku hizi inaitwa State Farm Center, jina la kampuni ya bima, lakini mdomo wangu umekataa kujifunza. Jengo lilifunguliwa 1963, mchoro wa Max Abramovitz aliyesoma chuo hicho hicho. Chukua bakuli la zege, lifunike kwa bakuli jingine la zege, ukingo kwa ukingo, kipenyo futi 400. Ndani hakuna nguzo hata moja. Ukingo wenyewe umefungwa kwa waya wa chuma uliozungushwa karibu kilomita 1,000, kama fundi anavyobana pipa kwa pete, na huo ndio unaozuia kuba isitanuke ikaanguka. Ni uwanja wa mpira wa kikapu, lakini bendi nazo zilikuja. Elvis Presley aliimba hapa Oktoba 1976. Grateful Dead walipiga siku mbili mfululizo Februari 1973, wakati mimi nikiwa bado nachunga mbuzi wa bibi mlimani Uluguru.

Milango ilikuwa imefungwa. Tukachungulia kwenye kioo, nikamsimulia.

Majira ya baridi ya 1986 nilipata kibarua cha kushusha vyombo vya bendi. Malori yanafika alfajiri, mnasukuma makasha yenye magurudumu kwenye mteremko, mchana mnapanga viti, usiku mnavaa fulana ya njano na kuzuia watu wasipande jukwaani. Kampuni iliyotuajiri ilitupa fulana. Vizibo vya masikio haikutupa. Usiku mmoja nikawekwa upande wa kushoto, mbele kabisa, mgongo kwa jukwaa, na mnara wa spika kama hatua tatu kutoka kichwani. Bendi jina lake nalimeza. Ilichelewa kwa muda wa saa mbili hivi, na hakuna aliyekuja kueleza kwa nini.

Watu hawakuzomea. Mtu mmoja kule juu alianza kupiga mguu. Jirani yake akafuata, kisha safu, kisha upande mzima, mpaka maelfu ya watu wakawa wanapiga mguu kwa pamoja kwenye zege, taratibu, kama ngoma ya msiba. Nilisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Ilipanda kwenye viatu, ikapita magotini, ikakaa tumboni. Mlio ukaenda juu kwenye kuba ukarudi umechelewa kidogo, na watu wakaanza kusubiri urudi ndipo wapige tena. Jengo likawa linatuitikia. Bendi ilipotoka hatimaye, kusema kweli, ilituharibia.

Shoo ilipokwisha sikio la kushoto lilikuwa linalia kama nyenje. Kwa siku tatu lililia. La kulia lilinyamaza, la kushoto halijanyamaza hadi leo, na kusikia kwake kukaenda kunapungua mwaka hadi mwaka. Sasa navaa kifaa, na binti yangu amejifunza tangu mdogo kutembea upande wangu wa kulia.

"Na hukushitaki?" akauliza.

Nilikuwa mgeni wa viza ya masomo, mama. Ningemshitaki nani?

Ng'ambo ya barabara uko uwanja mwingine wa chuo, Memorial Stadium, wa mpira wa Kimarekani. Huko ndiko niliona roki kwa mara ya kwanza, wiki chache tu tangu nishuke kwenye ndege: Farm Aid ya kwanza, tamasha la kuwachangia wakulima, tarehe 22 Septemba 1985. Bob Dylan alikuwa amesema kwenye jukwaa la Live Aid, tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, mwezi Julai kwamba sehemu ya fedha zile ingefaa iwasaidie wakulima wa Marekani walioelemewa na mikopo ya benki. Willie Nelson, Neil Young na John Mellencamp wakalichukua neno hilo, na miezi miwili baadaye watu kama 80,000 wakajaa pale. Mvua ilinyesha. B.B. King alipiga, Dylan akaja na Tom Petty na vijana wake. Mimi niliyekuja kujifunza kilimo kwa Mmarekani nikasimama kwenye tope nikisikiliza kwamba mkulima wa Marekani anauziwa trekta lake kwenye mnada. Kijana niliyekaa naye chumba kimoja, mtoto wa shamba, alikuwa analia waziwazi. Baba yake mdogo alikuwa ameshauziwa. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamume wa Kizungu akilia, na sikujua nimshike bega au nijifanye natazama jukwaa. Nilitazama jukwaa. Mpaka leo najilaumu.

Siku ya pili, Jumanne: Illinois hadi Des Moines

Tumevuka Mississippi kabla ya saa sita mchana. Binti anaendesha, mimi mzungumzaji.

Huyo mwenzangu wa chumba ndiye aliyenitia kwenye Grateful Dead. Alikuwa na makasha mawili ya viatu yamejaa kanda, kila moja imeandikwa tarehe na mji kwa kalamu ya wino. Bendi hiyo iliwaruhusu watu kurekodi maonyesho yake, na mwaka 1984 ikawatengea kabisa eneo lao nyuma ya meza ya mitambo. Sharti likiwa moja tu, kanda usiuze. Badilishana, gawa, nakili. Kwa mtu aliyekulia kwenye mikono ya wauza kanda wa Morogoro jambo hilo lilinishangaza kuliko theluji.

Muziki wenyewe, mwanzoni, niliona ni watu waliosahau jinsi ya kumaliza wimbo. Kisha usiku mmoja nikausikia. Wimbo unaanza na maneno yake, unatembea, halafu maneno yanawekwa kando na gitaa linaingia porini. Ah! Kumbe hawa nawajua. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikuwa wanatufanyia hivyo hivyo: kwanza habari ya wimbo, halafu chemko, na chemko likishika hakuna anayeangalia saa. Nilimwekea mwenzangu kanda ya Mbaraka. Akasikiliza upande wote bila kusema, kisha akauliza yuko wapi siku hizi. Nikamwambia alikufa kwa ajali ya gari Januari 1979. Akageuza kanda upande wa pili.

Kanda aliyoithamini kuliko zote ilikuwa ya tarehe 8 Mei 1977, Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell. Kile ni chumba kikubwa cha gwaride na michezo, hakina lolote la muziki. Usiku ule nje ilianguka theluji, mwezi Mei. Watu walioisikia kanda hiyo wamebishana miaka mingi kama kweli ndiyo shoo bora kuliko zote, na mwaka 2011 ikawekwa kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Ya kwangu ilikuwa kopi ya kopi, inavuma kama mtu anayekaanga samaki chumba cha jirani. Niliipenda hivyo hivyo na mafuta yake.

Iowa City tumesimama kula. Mji huu una Wakongo wengi, na dukani nilipouliza sombe, kisamvu chao, kwa Kiingereza mama wa kaunta akanijibu kwa Kiswahili cha kwao, "Papa, iko, lakini ni ya barafu." Tukacheka wote. Akauliza tunaenda wapi. Nikamwambia Las Vegas kusikiliza muziki wa Wazungu wazee. Akamtazama binti yangu kwa huruma ya kweli, akatuongezea maandazi mawili.

Siku ya tatu, Jumatano: Nebraska

Saa kumi na kitu za barabara iliyonyooka. Mahindi, umwagiliaji wa mitambo ya kuzunguka, mahindi. Nilifurahi peke yangu. Tumelala Denver.

Siku ya nne, Alhamisi: Red Rocks na milimani

Sikupanga kusimama Red Rocks, binti ndiye aliyelazimisha. Uwanja huu ulifunguliwa 1941 na haufanani na wa chuo chochote: miamba miwili myekundu, kila mmoja mrefu kama jengo la ghorofa nyingi, na ngazi za kukaa zimepangwa katikati yake. Uko juu, zaidi ya mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Tulipofika saa mbili asubuhi palijaa watu wa mazoezi wanapanda na kushuka ngazi. Mzee mmoja mkubwa kuliko mimi alinipita mara tatu. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu.

The Beatles walipiga hapa 1964. U2 walipiga Juni 1983 katika mvua na ukungu, siku ambayo watu wengi walidhani shoo imefutwa, na filamu iliyotoka usiku ule ndiyo iliyowatambulisha kwa Wamarekani wengi. Hao hao ndio walioifungua Sphere Septemba 2023, miaka 40 baadaye, wakapiga maonyesho 40 hadi Machi 2024. Nilimweleza binti nikiwa nahema. Akasema, "Kwa hiyo walitoka kwenye mwamba wa kweli wakaenda kwenye mwamba wa televisheni." Nikamwambia aache dharau, bado hatujafika.

Alikwenda kusimama kwenye jukwaa tupu, akasema jina langu kwa sauti ya kawaida. Mimi nilikuwa safu za katikati. Nilimsikia kwa sikio zima, na nadhani kidogo kwa lile jingine.

Mchana tumepita kwenye handaki la Eisenhower, karibu mita 3,400 juu. Masikio yaliziba yote mawili. Kwa dakika kumi hivi nikawa nimelingana kulia na kushoto, hali ambayo sijaionja tangu 1986. Yalipozibuka nilisikitika. Tumelala Grand Junction.

Siku ya tano, Ijumaa: Utah, kisha Las Vegas

Jangwa la Utah nitaliandika siku nyingine, linataka daftari lake. Tumeingia Las Vegas jioni, joto bado limezidi nyuzi 40, na kitu cha kwanza kuonekana kati ya mahoteli kilikuwa jicho. Jicho kubwa, linapepesa, linatutazama. Kisha likageuka mpira wa kikapu, kisha mwezi. Ngozi ya nje ya Sphere yote ni taa. Binti alikosa njia ya kutokea mara mbili.

Siku ya sita, Jumamosi: Las Vegas

Asubuhi nilitaka kwanza kuona uwanja wa chuo wa hapa hapa, Thomas & Mack wa Chuo Kikuu cha Nevada, uliofunguliwa 1983. Ni mwendo mfupi tu kwa gari kutoka Sphere. Tulizunguka nje. Zege, milango ya chuma, mteremko wa malori nyuma. Mteremko ule niliutambua kama mtu anavyotambua jiko la nyumba ya kupanga. Mikono yangu ilikumbuka uzito wa makasha. Binti alinipiga picha nimesimama pale na tabasamu la kijinga.

Saa kumi na mbili jioni tukavuka daraja la waenda kwa miguu linalotoka hoteli ya Venetian hadi mlangoni. Wazee wenye fulana za rangi za kumwagikamwagika, vijana wenye fulana hizo hizo. Ndani ngazi za umeme zinapanda na kupanda. Sphere ina urefu wa mita 112 na upana wa mita 157. Iligharimu dola bilioni 2.3. Viti ni kama 17,600. Vyetu vilikuwa vya juu, na mteremko wake ni mkali kiasi kwamba aliyekaa mbele yako utosi wake uko kwenye ncha za viatu vyako. Usichukue vya nyuma kabisa ghorofa ya chini: dari ya ghorofa ya pili inakukata skrini.

Skrini ya ndani ina futi za mraba 160,000. Mimi hupima kwa shamba: ni zaidi ya ekari tatu na nusu zimekunjwa juu ya kichwa chako.

Spika hazionekani. Zimefichwa nyuma ya skrini, sauti inapenya kwenye matundu yake: makasha karibu 1,600 ya kampuni ya Kijerumani, Holoplot, yenye spika ndogondogo zaidi ya 160,000 kwa jumla. Kazi yake nimeielewa kwa lugha ya shamba. Assembly Hall ilikuwa umwagiliaji wa mafuriko: unafungua mfereji, wa mbele wanazama, wa nyuma wanapata unyevu. Hapa ni matone. Kompyuta inachelewesha kila spika kidogo kuliko jirani yake, mawimbi yanajipanga yakawa miale, na mwale unapelekwa hadi safu fulani kwa kiasi kile kile ilichopata safu ya mbele.

Saa moja na nusu usiku imepita kidogo, wakatoka. Katika waanzilishi wa Grateful Dead aliyekuwepo ni Bob Weir. Mickey Hart alijiunga nao 1967. Jerry Garcia alikufa Agosti 1995. Nafasi yake ya gitaa ilishikwa na John Mayer, aliyezaliwa Oktoba 1977, miezi mitano baada ya kanda ile ya Cornell. Walionekana wadogo kama punje.

Picha ilianza na mtaa. Nyumba namba 710 ya Ashbury, San Francisco, walikokuwa wakiishi miaka ya sitini, kubwa kama nyumba ya kweli. Kisha tukanyanyuka. Nasema tukanyanyuka kwa sababu tumbo langu liliamini: paa likashuka, mtaa, mji wote, ghuba, mpaka dunia ikabaki duara chini yetu. Nilimshika binti mkono. Naye alikuwa ameushika wangu. Jirani yetu, bibi wa miaka sabini hivi, alikuwa anakula bisi.

Baadaye wakaijaza skrini yote ule ukuta wa spika wa mwaka 1974, Wall of Sound. Ukuta wenyewe ulikuwa na uzito wa tani kama 75, spika karibu 600, zikisimama nyuma ya wanamuziki ili wasikie kile kile wanachosikia watu. Kila mwimbaji alikuwa na maiki mbili zilizounganishwa kinyume, anaimbia moja, ili mlio wa ukuta ujifute wenyewe usipige kelele. Ulidumu miezi michache tu, gharama ikawashinda. Sasa ukuta ule ni picha tu, na spika za kweli zimejificha nyuma ya picha ya spika. Nililiona hilo nikacheka peke yangu kwa muda.

Sauti ni safi mno. Niseme ukweli, saa ya kwanza usafi huo ulinisumbua. Watu walipoimba, sauti yao haikwenda popote, kuba haikuirudisha. Nilimsikia Weir akivuta pumzi. Watu elfu kumi na saba ubavuni kwangu sikuwasikia. Wengi walikuwa wameinua simu.

Kisha ikaja zamu ya ngoma. Wengine waliondoka jukwaani, na Mickey Hart, mzee wa miaka 80, akabaki na madude yake. Viti 10,000 vya jengo hili vina mtambo wa kutetemesha. Nilijua, nilikuwa nimesoma. Alipogusa ile ngoma nene, kiti kilianza chini ya mapaja, kikapanda uti wa mgongo, kikakaa tumboni. Pale pale.

Nikatoa kifaa sikioni nikakitia mfukoni. Binti akanitazama, akaona, akabadilisha kiti akaja upande wangu wa kushoto. Kisha nikaanza kupiga mguu. Polepole. Sakafu pale imetandikwa vizuri, haitoi mlio wowote. Binti akapiga na wake. Bibi wa bisi akatutazama, akaweka bisi chini, akaingia. Safu yetu ikawa watu sita, labda saba, wanapiga mguu usiosikika, nje kidogo ya mapigo, maana mzee Hart alikuwa hana habari nasi na alishakwenda kwenye mdundo mwingine.

Mwishoni picha ikatushusha kutoka angani hadi mlangoni kwa nyumba ile ile ya Ashbury. Taa zikawaka.

Siku ya saba, Jumapili

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri nikalala chali nikisubiri. Nimetoka kwenye shoo za roki nyingi, na siku zote asubuhi yake sikio la kulia hulia saa mbili tatu kabla ya kutulia. Nikasubiri. Mashine ya hewa baridi ikawaka, ikazima. Mtu akaburuta sanduku nje. La kushoto lilikuwa na nyenje wake wa kila siku. La kulia, kimya.

Binti akagonga mlango. "Baba, tuondoke kabla ya jua. Nani anaendesha?"

Nikamwambia aendeshe yeye mpaka Mesquite, na kanda ya Barton Hall nimeileta, iko kwenye begi dogo. Akanikumbusha kwamba gari lake halina pa kuiweka.